Fundi Gramu na Mizani ya Mkunga

Jumamosi moja asubuhi, watu wazima wenye kazi zao za heshima walikuwa wamesimama chini ya kilima, kila mmoja akiinua baiskeli ya mwenzake kwa vidole viwili.

"Hii yako nzito."

"Nzito wapi! Umeishika vibaya."

"Nimeishika kama nilivyoishika yangu."

Pembeni, kwenye banda la chai, mtu mmoja akaacha kunywa. Wiki ile alikuwa anauza maji ya kurefusha maisha ya betri za simu, na biashara ilikuwa imelala, maana wateja wa kwanza walishaanza kuulizana anakaa wapi. Alipowaona wale watu na vidole vyao viwili, moyo ukamruka. Walikuwa na baiskeli za milimani zenye tairi za meno na springi za mbele, baiskeli ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzibadilisha na kiwanja. Na hakuna hata mmoja aliyeridhika na yake.

Akaipigia hesabu fursa ile kwa sekunde tatu, akasogea. Alimchagua daktari wa meno, kwa sababu ndiye aliyekuwa na baiskeli ya bei kubwa na sura ya wasiwasi.

"Samahani, dokta. Naomba niiguse."

Akaiinua. Akafumba macho. Akaishusha taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa.

"Pole sana, bosi wangu."

"Pole ya nini?"

"Umepanda kilima na mzigo huu muda gani?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Na magoti yanasemaje?"

Daktari wa meno hakuwa amewahi kusikia magoti yake yakisema lolote. Dakika ileile yakaanza kusema.

"Kwani wewe ni fundi?" akauliza.

"Mafundi wako wengi, dokta. Wanakaza nati, wanachukua chao, wanaondoka. Mimi napunguza gramu."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Fundi Gramu, mbele ya mashahidi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Karakana aliipata siku hiyohiyo, nayo ilikuwa stoo ya shemeji yake, fundi cherehani. Alisukuma robota za vitambaa ukutani, akatundika fremu tupu aliyoiokota kwa wauza vyuma chakavu ili pafanane na karakana, kisha akaning'iniza mizani kwenye boriti.

"Shemeji," akasema fundi cherehani, sindano mdomoni, "baiskeli umezijulia wapi wewe?"

"Kwani wewe ulizaliwa na cherehani?"

Siri ilikuwa kwenye ile mizani. Nyuma yake palikuwa na skrubu ndogo. Baiskeli ikifika, Gramu anaipindisha skrubu upande huu, mshale unapanda na mwenye baiskeli anashika kichwa. Kazi ikiisha, anaipindisha upande ule, mshale unashuka na mwenye baiskeli anashika moyo. Katikati ya kichwa na moyo, Gramu alikuwa anafungua kifaa kizuri na kufunga cha bei poa, kilichopakwa rangi nyeusi na kubandikwa karatasi inayong'aa. Kwa daktari wa meno alichukua foku, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, yenye springi laini kama godoro jipya. Kwa mwalimu wa hesabu alichukua magurudumu yote mawili. Mwalimu alisoma mshale mara tatu, akaandika tofauti kwenye daftari, akaridhika kwa kuwa hesabu ilitoka. Kwa dada mwenye duka la mapazia alichukua mikono ya pedeli na gia zake zote.

Breki hakuzigusa. Katika jambo hilo alikuwa mtu wa msimamo: mteja aliyeanguka korongoni harudi tena dukani.

Mpango ulikuwa kuviuza vifaa vile mji wa pili, na mnunuzi alishapatikana. Lakini adhuhuri moja, akisubiri mvua ikatike, Gramu aliichukua ile foku ya daktari, akaijaribu kwenye fremu aliyotundika ukutani. Kuona tu. Ikaingia. Akaibonyeza, ikashuka ikapumua, ikapanda. Akaibonyeza tena. Akatia na magurudumu, kuona tu.

Hapo ndipo alipougua.

Kwa wiki mbili hakulala vizuri. Alisoma kuhusu upana wa tairi. Alilinganisha cheni na cheni. Alisafisha kila jino la gia kwa mswaki, akakaza spoki moja moja huku akizigonga kwa kijiko kusikia kama zinaimba sauti moja. Alipaka vifaa vyote rangi ya kijani kibichi ili wenyewe wasivitambue. Mnunuzi alipopiga simu, Gramu alimjibu kwa hasira, kama mtu aliyeombwa bei ya mwanawe.

"Kesho uniletee vile vyuma," alisema mnunuzi.

"Vyuma gani? Wewe unaita hivi vyuma?"

Alichokitaka sasa kilikuwa kimoja tu, na kilimshangaza yeye mwenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi waendesha baiskeli wote wangepanda kilima kikubwa mpaka kwenye mnara wa simu. Gramu, ambaye maisha yake yote alikuwa ameondoka mahali kabla watu hawajamjua, alitaka kufika kileleni wa kwanza, juu ya baiskeli aliyoijenga kwa mikono yake, watu wamwone.

Jumatano ya wiki hiyo akaja shangazi wa daktari wa meno.

Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya pole, na baiskeli yake ilikuwa lile dude la chuma alilokuwa akilitumia zamani kwenda kuzalisha. Vijana wa kilimani walikuwa wakiitania kwamba ina uzito wa kitanda. Yeye alikuwa akiifungua mwenyewe, akaiosha, akaikausha na kuipaka mafuta, na haikuwahi kumlaza njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuona. Mpwa wangu anakusifia, ingawa tangu umhudumie analalamika mikono inamuuma." Akaiona ile ya kijani. "Ee! Na huyu mtoto ni wa nani?"

Gramu akashindwa kujizuia. "Wangu."

Mkunga akaizunguka. Akapitisha kidole gumba kwenye mguu wa foku, taratibu, mpaka mahali fulani kikasimama. Kikakaa pale kidogo, kama mtu anayepima homa. Kisha akatabasamu.

"Mzuri. Ana kilo ngapi?"

Swali dogo, lakini lilimchoma Gramu mahali pabaya. Hakujua. Mizani pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile yake, na kama kulikuwa na mtu mmoja mjini asiyeweza kuiamini, ni yeye.

"Kama... kumi na mbili hivi," akasema.

"Kama? Mtoto hapimwi kwa kama, mwanangu. Kesho nakuja na mizani yangu ya kliniki. Ile ya kuning'iniza watoto."

Kesho yake akaja nayo, pamoja na mkanda wa kubebea. Mwenzenu Gramu hakuwa mtoto wa jana. Aliigeuza mizani nyuma, akatafuta skrubu. Ilikuwepo, imefunikwa na lakiri ya zamani isiyoguswa. Aliijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo mbili iliyokuwa kwenye kabati la shemeji. Mshale ukasimama kwenye mbili, wima kama askari, kabla pakiti haijapasuka na sukari kumwagika sakafuni. Tena, nani duniani anaweza kuchezea mizani ya kupimia watoto?

Mkunga akafunga mkanda, akaitundika baiskeli, akaishika isiyumbe. Gramu akapanda juu ya ndoo na kuukodolea macho mshale.

Kilo kumi na nne na nusu.

"Haiwezekani!"

"Soma mwenyewe, mwanangu. Mimi macho yangu ya uzeeni."

"Kumi na nne na nusu! Ya daktari yenyewe haifiki!" Akakaa kwenye robota ya kitambaa. Magoti yake, ambayo hayajawahi kusema lolote, yakaanza kusema.

"Pole sana," akasema mkunga, kwa upole uleule alioutumia miaka arobaini kwa kina baba waliozimia mlangoni. "Mara nyingi ni foku. Wakati mwingine magurudumu. Na hii mikono ya pedeli, mmh."

"Mama, Jumamosi ni keshokutwa!"

"Ninavyo vifaa vyepesi nyumbani, vya ndugu zangu. Havitumiki. Lakini sijui kama utapenda, maana hivi vyako umevizoea..."

"Mama, nakuomba. Mimi ni kama mwanao."

Hebu tumhurumie kidogo. Alikuwa amewaona watu wengi wakisema maneno hayohayo mbele yake, na hakuyatambua yalipomtoka mwenyewe.

Ijumaa mchana mkunga akarudi na gunia. Vifaa vyote vilipakwa rangi ya fedha inayometameta. Akakunja mikono ya gauni, akafungua foku, magurudumu, mikono ya pedeli na gia, akafunga vya kwake kwa spana aliyoishika vizuri kuliko Gramu. Kisha akaitundika tena baiskeli kwenye mizani, akaishika isiyumbe.

Kilo kumi kasoro robo.

Gramu alipiga yowe mpaka fundi cherehani akajichoma. Akamshika mkunga mikono yote miwili, akaibusu.

"Na hivi vizito?" akauliza mkunga, akionyesha vile vya kijani. "Nikakutupie?"

"Chukua, mama, chukua vyote! Vinaweza kukufaa."

Akamsaidia kuvifunga kwenye kapu la lile dude la chuma, kimoja baada ya kingine, akamsukuma mpaka barabarani ili asichoke.

Jumamosi saa moja walikuwa wote chini ya kilima. Gramu alivaa kofia mpya. Aliwatazama wateja wake kwa upendo, kama mtu anayeaga. Aliona kwamba baiskeli ya daktari ina foku ya kijani, ya mwalimu ina magurudumu ya kijani, na ya dada wa mapazia ina gia za kijani, akafikiri tu kwamba watu wameanza kuiga rangi yake.

Wakaondoka.

Mita mia za kwanza Gramu alijiambia kwamba wepesi una namna yake na lazima mwili uuzoee. Mita mia mbili, pedeli zikaanza kulia. Kwenye mawe ya kwanza foku haikushuka wala kupanda. Ilimpa kila jiwe kama lilivyo, mpaka kwenye meno. Gurudumu la nyuma likawa linatembea kama mlevi anayekwenda kwake. Daktari wa meno akampita akiimba. Mwalimu wa hesabu akampita akihesabu mapigo ya moyo. Dada wa mapazia akampita, akageuka.

"Vipi, fundi? Magoti?"

Kwenye kona ya tatu cheni ikatoka, Gramu akalala ubavu kwenye changarawe. Hakuumia. Alipoiinua baiskeli akaona foku imechubuka, na chini ya rangi ya fedha kuna rangi nyeusi. Akachubua kwa kucha. Chini ya nyeusi kulikuwa na kipande cha karatasi inayong'aa, aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe.

Akakaa chini. Mtoto wa mjini kaingizwa mjini. Akafikiria kwenda kushtaki, akaanza kupanga maneno: nimeibiwa foku. Foku yako? Akaishia hapo.

Mkunga akatokea, wa mwisho, akikanyaga polepole juu ya kitanda chake cha chuma. Akasimama na kushusha mguu. Gramu akanyanyua macho.

"Ulijuaje, mama?"

"Foku ile niliifunga mimi mwenyewe kwa mpwa wangu. Spana ikaniponyoka, ikaacha alama. Kidole kinakumbuka."

"Na wenyewe je? Wanajua?"

"Wanajua. Walitaka kuja kukupiga. Nikawaambia wapande kwanza kilima, hasira zitaishia huko." Akajipangusa jasho. "Fremu sijaigusa. Hiyo ni yako kweli, uliiokota mwenyewe. Na cheni uliisafisha vizuri, sijaona cheni safi namna ile. Ukitaka kazi ya kweli, Jumatatu njoo nyumbani. Usipotaka, njia ya kutoka mjini unaijua."

Gramu akabandua kile kipande cha karatasi, akakitupa. Kisha akauliza, kwa hasira ya fundi aliyezidiwa:

"Lakini mizani! Niliikagua. Skrubu haijaguswa. Niliipima kwa sukari!"

"Mizani ni nzima, mwanangu. Imepima nusu ya watu wa mji huu. Wewe ulikuwa unaangalia mshale." Akaunyosha mkono wake mnene, akabonyeza hewa kwa kidole kimoja kuelekea chini, kisha akakigeuza, akainua hewa kidogo. "Mimi nilikuwa naishika isiyumbe."

Gramu alikitazama kile kidole. Akacheka bila kutaka, akapangusa changarawe kwenye viwiko, akaanza kurudisha cheni mahali pake. Mkunga alipokanyaga pedeli kuendelea na safari, akaitwa nyuma.

"Mama! Subiri. Alhamisi, kabla hujavifungua vile vya kijani. Uliipima hata mara moja bila kidole?"

"Niliipima. Ulikuwa umekwenda kumnunulia shemeji sukari nyingine."

"Ilikuwa ngapi?"

"Unataka kujua kweli?"

"Niambie tu, mama."

"Kumi na moja na nusu."

Fundi Gramu akaacha cheni. Akatazama juu, kule ambako foku, magurudumu na gia vilikuwa vinapanda pamoja na wenye navyo kuelekea mnarani, machozi yakamlengalenga.

"Kumi na moja na nusu!" akanong'ona. "Hakuna mwenye nyepesi kama hiyo hapa mjini. Hakuna!"