Manusura Aliyenenepa

Ndugu Mwongozaji wa Filamu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokushikia mwavuli. Mimi ndiye fundi cherehani anayewashonea nguo za filamu yenu ya mauaji yale. Pia ni manusura wa mauaji hayohayo, tena wa nyumba ileile mliyoijenga upya kwa mbao. Nina malalamiko manne, naomba uyasome ukiwa umeketi.

1. Nilikuja kwenye usaili kuomba nafasi ya kuigiza manusura. Yule bwana wenu akanitazama juu hadi chini, akasema sina sura ya manusura. Eti nimenenepa! Jamani, miaka thelathini yote hii mlitaka nisile? Wauaji walinishindwa, leo naangushwa na kiuno.

2. Manusura wenu wote ni wembamba, wazuri, na kazi yao kutazama dirishani. Sisi wengine tuko wapi? Darini tulijibana watu saba. Tumbo la mjomba likanguruma, tukacheka hadi tukang'ata mikono tusisikike. Nadai uwakilishi: mnene mmoja, mmbea mmoja, na mmoja asiyependwa na mtu. Shangazi yangu alinusurika pamoja na mdomo wake, na mpaka leo hatujapumzika.

3. Nguo. Nikimaliza kushona tu, msaidizi wako anazichana kwa mkasi, eti ndiyo mateso. Thubutu! Sisi tulikimbia tumependeza. Ukiambiwa toka sasa hivi, unavaa gauni lako zuri kuliko yote, maana hujui kama utayarudia mengine.

4. Hili ndilo linalonichoma. Kwenye filamu yenu mdogo wangu anaruka dirisha la jikoni, anavuka ua, anapanda ukuta, anaokoka. Uongo mtupu! Nilimweleza mwandishi wenu mara tatu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alivaa gauni la njano nililomshonea mwenyewe, refu, ili akue nalo. Akakanyaga upindo pale uani, akaanguka, wakamkuta. Historia si nguo ya kupunguza ili imkae mtazamaji. Rekebisheni, la sivyo nafunga cherehani, na siku ya onyesho nitakaa mstari wa mbele nikiwasahihisha kwa sauti.

Nasubiri majibu ya maandishi, yenye muhuri. Nisalimie wapiga picha, mpishi, na yule bwana wa usaili. Mwambie naendelea kula.

Wako kikazi,
Fundi Cherehani
(na manusura, mpende msipende)

N.B. Asubuhi hii nimeleta gauni la njano la yule mtoto anayemwigiza mdogo wangu, barua ikiwa mkobani, nikawakuta mnafanya mazoezi ya lile tukio la dirisha. Umesema "rudieni" mara sita. Mara zote sita mtoto kavuka ukuta. Nimelia mpaka mpishi kaniletea kiti.

Msirekebishe kitu. Gauni la kesho nimelipandisha upindo vidole vinne. Mwambieni akimbie tu, asiangalie chini.