Dirisha la Mama Mkwe na Flashi Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Jambo kubwa! Mke wangu Akech amerudi kutoka kwao Genkuru na habari. Jumapili wazee wa ukoo wao wanakaa kupanga siku ya kuniingiza nyumbani kwa mama mkwe. Hatimaye! Kwa mila yetu Wajaluo, mkwe havuki kizingiti cha mama mkwe kabla hajaandaliwa siku yake. Nimeoa miaka saba iliyopita. Miaka saba nakaa kibarazani kwenye kigoda kama mtu aliyeleta barua anasubiri majibu. Mama mkwe mwenyewe simwoni. Nasikia sauti yake tu, nyuma ya pazia la dirisha.

Waliwahi kupanga siku mara moja, mwaka juzi. Nikawapelekea ratiba niliyoichapa mwenyewe, yenye saa na dakika, na ndani yake dakika kumi na mbili za wazee kuzungumza. Wakaahirisha. Watu wasiojua thamani ya muda.

Na Mboje je? Mboje ni Msukuma aliyekuja huku kutafuta dhahabu, akamwoa Sharon, mdogo wake Akech. Darasa la saba. Anafanya kazi kwenye karasha, anasaga mawe kutwa nzima, hata nyusi zake zina vumbi. Yeye aliingizwa baada ya mwaka mmoja! Sasa hukaa kwenye kochi amekunja nne, anaangalia TV. Boksi la TV alilileta yeye. La ovyo, dogo kama kipande cha sabuni. Lakini mama mkwe haachi kulisifu, kwa kuwa ndilo linalomwonyesha video ya harusi ya Sharon na Mboje. Huiangalia kila Jumapili akitoka kanisani. Harusi ileile! Mwisho wake anaujua!

Mpango: nimpelekee flashi yenye vitu vya maana. Kwaya. Mahubiri. Filamu ndefu ya safari ya Musa jangwani. Wazee wakikuta nyumba nzima inanitaja mimi, Owiti, kikao kitakuwa kifupi.

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimenunua flashi ya GB 64 kwa Waitara, mwenye duka la simu hapa Bomani, mlango wa tatu kutoka stesheneri yangu. Akauliza ni ya kazi gani. Nikamweleza. Akasema maboksi madogo kama lile mengi husoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 tu, nimwachie aifomati, dakika mbili. Nilimwangalia. Nikamwambia nilipata C ya Fizikia kidato cha nne, na nilikuwa natoa fotokopi za ofisi ya kata wakati yeye anatembeza betri kwenye sinia. Akasema haya, mwalimu.

Nikafomati mwenyewe, saa nne kamili asubuhi, kwa FAT32 yake hiyo, ili tu kuthibitisha kwamba hajui kitu. Imethibitika! Filamu ya Musa ina GB 9, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Mfumo gani huo unaoshindwa kumbeba Musa? Nikafomati upya kwa NTFS. Huo ndio mfumo wa watu wazima. Musa akaingia na Waisraeli wake wote, na kwaya saba, na mahubiri kumi na mawili. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu. Safi kabisa.

Akech ameuliza kama nimejaribu kwenye boksi. Nikamfafanulia kwamba kompyuta ni baba na boksi ni mtoto. Anachokiweza baba, mtoto atakiweza. Akasema baba yangu alijua kulima, mbona mimi sijui.

Mwanamke huyu hajasoma Fizikia.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tano tulifika Genkuru kwa pikipiki, Akech na mimi. Nikakaa kwenye kigoda changu. Akech akaipeleka flashi ndani, akaichomeka kwenye boksi kando ya flashi ya harusi, akaenda jikoni kumsaidia Sharon. Sebuleni akabaki mama mkwe. Na Mboje! Siku ya kazi! Eti karasha limekatika mkanda.

Mama mkwe akasema kutoka nyuma ya pazia kwamba boksi linakataa flashi yangu, linasema haliielewi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, boksi ni jeuri, tutalifundisha. Akech akapaza sauti kutoka jikoni: itolewe, nikairekebishe Bomani, Jumapili bado. Upuuzi. Mama mkwe angesemaje akimwona mtaalamu anaondoka na kazi yake mfukoni? Nikaamua tuifomati palepale, kwa boksi lenyewe. Vilivyomo vingefutika, sawa, lakini nakala zote ninazo dukani, kesho ningeijaza upya. La muhimu lilikuwa boksi lijue mkubwa ni nani.

Basi mimi nje, yeye ndani na rimoti. Nikamwongoza kwa kichwa, kwa sababu maboksi yote ni mamoja. Nenda kwenye mipangilio, mama. Shuka. Shuka tena. Akawa ananisomea herufi mojamoja, maana ni Kiingereza. Kisha akasema, baba, hapa naona flashi mbili, yako ni ipi?

Nikafikiri kwa sekunde moja tu. Mgeni hutangulizwa. Kila nyumba yenye adabu humweka mgeni mbele. Nikasema ya kwanza.

Mboje akaniita kutoka kwenye kochi lake. Kaka, una hakika? Ngoja nisogee nisome. Nikamwambia yale ni maandishi, si mawe ya karasha, aendelee na soda yake.

Mama mkwe akasema pametokea maneno mekundu, boksi linauliza kitu. Nikasema linaogopa. Bonyeza OK.

Akabonyeza.

 Kisha mama mkwe akasema taratibu kwamba flashi ya kwanza sasa haina kitu, na yangu bado haieleweki.  Ndipo Mboje akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba redioni: Mama, hiyo ndiyo ilikuwa harusi.

Yawa! Sharon alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Mama mkwe alikuwa analia. Kumbe Jumapili shangazi yao wa Migori anavuka mpaka kuja kwenye kikao, na hakuwahi kuiona harusi ile kwa sababu alikuwa anaumwa. Ameahidiwa video.

Nikatangaza kwa sauti thabiti kwamba kilichofutwa hurudishwa. Nikapewa flashi ya harusi kupitia dirishani, imeshikwa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Yangu imebaki kwenye boksi. Hakuna aliyetaka kuigusa.

Chai sikupewa.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Programu ya kurudisha mafaili imefanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Imerudisha mafaili arobaini na moja. Thelathini na tisa hayafunguki. La arobaini ni sekunde kumi na moja za mbuzi anayetazama kamera. La mwisho ni vigelegele juu ya rangi ya kijani tupu. Mbuzi ametoka vizuri sana, hata ndevu zinahesabika. Lakini huwezi kumvusha shangazi mpaka kwa ajili ya mbuzi.

Akech amesema nimwendee Kornelio aliyepiga video ile, huenda anayo nakala kwenye kompyuta yake. Kornelio! Mtu anayepiga picha za pasipoti ng'ambo ya barabara na kuninyang'anya wateja kwa kuwaazima kitana! Nikampigie magoti yeye? Afadhali nioneshe mbuzi.

Saa kumi wazo likaja. Kwenye kompyuta yangu kuna video ya harusi ya bwana mmoja aitwaye Luhaga, mteja aliyetaka nakala za kuwapa ndugu zake. Kanisa lilelile. Maturubai yaleyale ya zambarau. Keki ni keki. Tofauti ya harusi moja na nyingine ni nyuso tu, na uso ni kitu kinachokatika.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimekata nyuso zote. Kazi ya saa saba, sauti nikiwa nimeizima ili wateja wasijazane dukani kuangalia sherehe ya bure. Nimebakiza migongo, viatu, keki, masufuria ya pilau na kwaya ikionekana kwa mbali. Dakika hamsini na mbili. Nimeiweka kwenye flashi yao ya harusi, ambayo nimeifomati kwa FAT32. Uamuzi wangu mwenyewe, baada ya utafiti.

Akech alisimama nyuma yangu akatazama. Akauliza kama nafikiri mama aliyemwogesha Sharon miaka yote ile hatautambua mgongo wake. Nikamjibu kwamba mgongo wa bibi harusi ni shela tu, na ndani ya shela wanawake wote wako sawa. Akasema kesho yeye atakaa jikoni, na nisimtaje popote.

Hana imani. Ndiyo maana historia huandikwa na wachache.

Jumapili, 8 Juni 2025

Nitaandika haraka.

Genkuru saa nane mchana, baada ya ibada ya Pentekoste. Wazee wote wamekaa ndani. Mzee Okal, baba mdogo wa Akech na mwenye neno la mwisho, alinipita kibarazani. Shikamoo. Marahaba. Akaangalia kigoda changu, akaingia.

Mboje alitoka kuchukua flashi. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika nayo. Nikamwambia aichomeke, maswali awaachie wasomi.

Boksi likaisoma mara moja! Nilisikia vigelegele. Mama mkwe akaniombea baraka kupitia pazia, mimi na kizazi changu. Shangazi wa Migori akasema huyu mkwe ni wa maana, anangoja nini huko nje? Dakika tatu bora za ndoa yangu. Nilianza kuchagua upande wa kochi.

Dakika ya nne, shangazi akauliza: Wueh, mbona hii harusi ni ya miguu tu? Bibi harusi ako wapi? Sharon akasema vile viatu si vyake. Mama mkwe akasema keki ilikuwa ya ngazi tatu, hizi tano zimetoka wapi? Nikaeleza kwa sauti, kutoka nje, kwamba kitu kilichofutwa kikirudishwa huwa kinaongezeka kidogo. Wakaendelea kuangalia. Walikuwa wanaamini! Naapa walikuwa wanaamini!

Ndipo mshereheshaji, yule kwenye video, akapaza sauti kwa spika zote za maturubai yale ya zambarau: Tuwapigie makofi maharusi wetu, Bwana Luhaga na Bi Imelda!

Sauti. Nilikata nyuso, sikukata sauti.

Shangazi alicheka mpaka akaomba maji. Akasema Owiti ametuozea watu hata hatuwajui. Mama mkwe hakucheka. Mboje akatoa flashi nyingine kwenye mfuko wa shati. Kumbe Ijumaa alienda kwa Kornelio akapewa nakala, akapita kwa Waitara akafomatiwa flashi kwa dakika mbili. Alikaa nayo kimya, eti asiniaibishe kama yangu ingekuwa nzima. Unafiki wa kiwango cha juu! Akaichomeka badala ya ile ya Luhaga, kando ya yangu ambayo bado imo.

Wakaangalia harusi yote. Saa mbili nzima. Mimi nje nikisikiliza. Nyimbo ni nyingi mno na hotuba ya Mboje haina muundo.

Kisha Mzee Okal akatoka, akasimama mbele yangu. Alisema wamekaa, wamezungumza, haikuwachukua muda. Mtu aliyefuta harusi ya mwenzake akiwa nje, akiingia ndani atafuta nini? Suala langu litaangaliwa tena baada ya mavuno ya mwakani. Mpaka wakati huo kigoda changu kikae hatua mbili kutoka dirishani.

Akakisogeza mwenyewe. Kwa mguu.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekaa nikachambua, bila hasira.

Akech hasemi nami. Amesema neno moja tu asubuhi, kwamba mama yake hakulia kwa ajili ya video, alilia kwa sababu alikuwa ameshanunua kitambaa cha kushona gauni la siku yangu ya kuingizwa. Jambo la kusikitisha, lakini halihusiani na ufundi.

Makosa si yangu. Waitara alinivuruga akili kwa kuongea mapema. Kornelio alificha nakala. Mboje ni Mboje. Lakini chanzo hasa ni kimoja: sikuwa naiona TV. Mtaalamu amewekwa nje, rimoti ikapewa mtu mwingine. Hata daktari wa wilaya angeua mgonjwa hivyo.

Flashi yangu bado imo kwenye boksi, haijafomatiwa. Kazi haijaisha. Nikiimaliza vizuri, wazee wataona aibu na kurudisha tarehe.

Mzee Okal amesema hatua mbili kutoka dirishani. Hakusema chochote kuhusu kioo. Leo nimenunua kioo cha pembeni cha pikipiki. Nitakifunga kwenye nondo za dirisha, pale pazia lilipopungua, nikielekeze kwenye TV peke yake, mila naiheshimu. Nikiwa kwenye kigoda nitaona kila kitu, nami nitamwomba mama mkwe abonyeze mara moja tu.

Zipo flashi mbili tena: yangu na ya Mboje. Nimepiga hesabu kwa makini. Alhamisi tulibonyeza ya kwanza, ikawa kosa, kwa hiyo sahihi ni ya pili. Lakini kioo hugeuza vitu. Hiyo ni Fizikia ya kidato cha pili. Itakayoonekana ya pili, kwa kweli ni ya kwanza.

Nitamwambia abonyeze ya kwanza.