Chumba Changu Kupewa Chatu

Kwa Kaka Mkubwa,
Mwenye nyumba, mwenye chatu na mwenye safari ndefu za kikazi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MPANGAJI ASIYE NA MIGUU

Kaka,

Shikamoo. Natumaini kazi huko zinakwenda. Huku sote tuzima, isipokuwa mgongo wangu, ambao huu ni mwezi wa tatu unalala kwenye kochi la watu wawili.

Mimi ni karani wa masijala kwa miaka kumi na tisa, na kwetu jambo lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halijatokea. Ndiyo maana sikukupigia simu. Ukipigiwa simu unacheka, halafu unasema mtandao unasumbua. Naomba uyasome haya ukiwa umekaa.

1. Ulipoondoka uliagiza chatu ajengewe banda la kutosha. Hukusema litoshe wapi. Wakati ule Mgeni Rasmi, kama watoto wako walivyombatiza, aliishi kwenye tangi chini ya runinga, na tulikuwa tukielewana. Fundi seremala alikuja na futi kamba, lakini mpimwa akakataa kujinyoosha. Fundi, ambaye maisha yake yote ametengeneza vitanda na makabati ya watu wastaarabu, akaniomba nilale sakafuni badala yake. Nililala. Akachora chaki kichwani na miguuni, akanisogeza mbele, akachora tena. Nilipimwa mara mbili kwa ajili ya nyumba ya mwingine, Kaka. Vipimo vilipokamilika ikaonekana banda haliingii popote ila chumbani kwangu, tena baada ya kutoa kitanda.

2. Fundi huyo huyo aliweka komeo kwa ndani. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba hajawahi kujenga chumba ambacho anayelala humo hawezi kujifungia, na kwamba hata mnyama ana siri zake. Kwa hiyo Mgeni Rasmi ana komeo, na mimi sebuleni sina hata pazia. Kwa nje tunafunga mlango wa banda kwa mkanda wangu wa suruali. Ofisini natembea nimejishika kiuno, hadi mkuu wa idara ameniuliza kama naumwa figo.

3. Upande mmoja wa banda kuna taa ya joto na kipimajoto, upande wa pili kuna kivuli, ili akichoka na joto ahamie penye ubaridi. Mbele amewekewa kioo apate kuona nje. Amepewa na beseni la kujilowekea mwili mzima, ambalo ni lile letu la kuogea. Sisi sasa tunaoga kwa kopo, kwa zamu, na zamu yangu ni ya mwisho.

4. Ndani kuna boksi la kujifichia. Shemeji alisoma mahali kwamba chatu akikosa pa kujificha hupata msongo wa mawazo na kususa chakula. Nilipomwambia kwamba hata mimi nina msongo wa mawazo, alinishauri nipunguze chai.

5. Watoto wanatakiwa kugonga kabla ya kuingia kwake. Kwangu wanaingia na baiskeli.

6. Anakula mara moja kwa wiki tatu, na siku hiyo nyumba nzima hushangilia na kumpiga picha. Mimi nikirudia sahani, meza nzima hunyamaza.

Kwa sababu hizo naomba moja kati ya haya. Chatu ahamishiwe stoo, nami nirudishiwe chumba na kitanda. Likishindikana hilo, nijengewe banda lenye hadhi sawa na lake, pamoja na taa, beseni na boksi. Na kama hilo nalo ni gumu, basi niandikishwe rasmi kuwa chatu wa pili wa nyumba hii. Sifa ninazo: sina kelele, nikishiba sigombani na mtu, na wageni wakija naweza kukaa kwa muda wa saa nne bila kutikisika, kazi ambayo ofisini nimeifanya miaka yote hii bila kuonywa. Nisipopata jibu ndani ya siku kumi na nne nitahamia mwenyewe bandani, kwa kuwa vipimo ni vyangu, na komeo liko upande unaonifaa.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi. Shemeji anakusalimu, watoto wanaulizia zawadi, na fundi anasema ukimjua mtu mwingine mwenye chatu umpe namba yake.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Wa Kochini.

Nyongeza: Shemeji ameisoma barua hii kabla sijaituma, akaona nina haki, akaagiza chatu aondolewe. Leo mchana fundi amekuja na nyundo kubomoa banda, na nyuma yake bwana mmoja mfugaji wa nyoka, na gunia lake. Nilisimama mlangoni nikawaambia wote wawili kwamba wamekosea nyumba. Usiniulize sana, Kaka. Nikirudi kutoka kazini jioni, kila mtu humu anatazama simu yake. Anayeinua kichwa na kuja hadi kwenye kioo cha banda ni yeye peke yake. Nimemzoea, tena nampenda, na naona aibu hata kuliandika. Malalamiko yangu yote yafungwe kwenye faili. Wewe fanya hima uniletee taa ya joto ya akiba, maana hii iliyopo imeanza kufifia, na kwa sasa banda nimelifunika kwa blanketi langu.