Mombasa Hakuna Anayeoa Baada ya Tarehe Kumi na Mbili

Jumatatu, 1/6/2026

Nimechoka, na wiki haijaanza. Bwana Qaidjohar, tajiri wangu, hukodisha mahema na masufuria ya harusi hapa Mji wa Kale. Idi Kubwa imepita, kila mwenye binti anataka kumuoza kabla ya Muharram. Leo kauliza nani ataziingiza oda kwenye programu ya takwimu, ile iitwayo R. Nikasema mimi. Shule niliishia kidato cha pili, kweli, lakini video nimetazama mbili!

Naqiya, mpwa wake, yuko likizo ya chuo. Akaniuliza nimeiambia programu nini kinatangulia, siku au mwezi? Nikamwambia kompyuta haifundishwi kusoma. Akacheka hadi akakohoa. Acheke. Tajiri kaahidi kazi ikienda vizuri, kiti cha chini ya feni ni changu. Duka hili ni tanuri.

Jumanne, 2/6/2026

Imekubali! Hakuna hata herufi moja nyekundu ya kosa. Na nimevumbua jambo: Mombasa hakuna anayeoa baada ya tarehe kumi na mbili. Mwezi wowote! Oda nyingine zilitokea zimeandikwa NA, bila tarehe. Takataka. Nikazifagia zote.

Jingine: harusi ya Nabiha, binti wa jirani yetu Bi Mwanaesha, iliyoandikwa 7/6, kompyuta yasema ni Julai sita. Mimi nilidhani ni Jumapili hii. Kumbe masufuria makubwa yako huru! Nikamkodishia Dzoro wa Likoni, ana karamu Jumamosi usiku. Bwana Qaidjohar kanisifu mbele ya watu. Naqiya hakukohoa.

Alhamisi, 4/6/2026

Siku mbaya. Bi Mwanaesha kapita, kauliza masufuria yatafika saa ngapi Jumapili. Nikamjibu kwa adabu kamili: shikamoo mama, harusi yako ni Julai sita, kompyuta imesema. Akanitazama kama samaki aliyeoza. Akauliza, atakayemuoza Nabiha ni babake au ni hiyo kompyuta yangu? Akasema wageni wa Lamu washafika, wamelala hadi jikoni. Na nisipoleta masufuria, nitapikwa mimi.

Naqiya akaja, akageuza herufi mbili tu kwenye amri yangu. Tarehe zote zikarudi mahali pake, hata nilizozifagia. Alikuwa ameweka nakala, mjanja huyo. Ati programu ilisoma mwezi kabla ya siku, kama Wamarekani, na kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, kila tarehe ya kumi na tatu kwenda mbele ikapotea. Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya. Bwana Qaidjohar akainuka. Akazima feni.

Nimempigia Dzoro. Masufuria anayo, hatoi hadi karamu iishe.

Jumapili, 7/6/2026

Mgongo! Nimevuka Feri asubuhi na Mumo, mwenye mkokoteni. Dzoro bado analala, na shangazi zake wanapasha kiporo cha pilau ndani ya sufuria langu. Kubembeleza, kungoja, kuosha. Kurudi kivukoni, kila mchuuzi adhani nauza pilau, ananiuliza sahani bei gani.

Nafika kwa Bi Mwanaesha, biriani ishaiva. Majirani wa kichochoro kizima walitoa visufuria vyao, kila mlango moto wake. Wageni wameshiba, bibi harusi anacheka. Hakuna aliyeningoja! Nikasema alhamdulillahi, basi hakuna hasara. Bi Mwanaesha akanitupia sabuni na kumbi la nazi, akasema: kaa uoshe. Vyote, vya mtaa mzima. Nabiha kaniletea sahani. Ukoko mtupu, na juu yake kipande kimoja cha kiazi. Nikala.

Jumatatu, 8/6/2026

Nimesamehewa, kwa kuwa Naqiya amerudi chuo na hakuna mwingine. Kiti cha feni nimekikalia. Tarehe sasa hazinishindi: siku kwanza, mwezi baadaye, hata usingizini. Naqiya hata hakunifundisha, nilimwona tu.

Leo nimefanya ambalo yeye hakulifikiria: nimeongeza saa. Walima wa Bi Lubaba, Jumamosi, saa saba mchana: 07:00. Karamu ya Bi Razia, saa mbili usiku: 02:00. Kompyuta imezipokea zote, hakuna herufi nyekundu, na wateja imewatumia ujumbe yenyewe. Mumo kasoma wa Bi Razia, kaniuliza ni karamu au ni daku. Nimemwambia yeye ashike mkokoteni, takwimu aniachie mimi.

Simu ya duka inalia tangu adhuhuri. Watu wa shukrani, bila shaka. Sipokei. Nimechoka, na feni inavuma vizuri.