Sinema ya Kinyozi Bila Vipande Vibovu

Jumatatu, 3 Machi
Mwenyekiti wa ukumbi kaniita. Anasema watu wanatoka katikati ya sinema zangu, na Mwalimu wa Kwaya anaitaka Jumamosi alasiri. Watu wakitoka tena wiki hii, siku ni ya kwaya. Miaka kumi na tisa ya Jumamosi zangu! Nikamwambia asiwe na shaka. Shaka nilibaki nayo mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimechagua ile sinema ya zamani ya kinyozi anayeimba. Hadithi haina kichwa wala miguu. Nyimbo kumi na moja, zote zinafanana. Mchumba wake amesimama tu, kama anangoja kupigwa picha ya kitambulisho. Lakini huyo kinyozi! Anaingia, anatafuta pa kutundika kofia, anakosa, anairudisha kichwani, nawe umeshasamehe kila kitu. Kabla ya ule mstari mbaya kuliko yote anatabasamu kidogo, kama anayetuomba radhi kwa niaba ya mtunzi. Mke wangu anasema alikubali posa yangu siku alipotoka kuitazama, moyo ukiwa laini. Sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo limenijia. Kwa nini watu wachoke kumngoja? Nimechukua mkasi na gundi, nimekata kila kipande asimokuwemo. Saa mbili zimekuwa dakika thelathini na nane. Vipande vya utepe vimezagaa nyumba nzima; mama mkwe amemkuta baba wa mchumba wa kinyozi ndani ya bakuli la sukari. Hajanisemesha tangu asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Kinyozi akaingia, makofi. Akaingia tena. Na tena. Kofia, tabasamu, kofia. Alikuwa akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Dakika ya ishirini watu wakaanza kutoka, mke wangu akiwa wa tatu. Mwalimu wa Kwaya alibaki mpaka mwisho, akipima jukwaa kwa hatua.

Iliniuma. Si Jumamosi tu. Mtu yule alibeba sinema mbovu mabegani miaka yote hii bila kulalamika, nami nimemfanya achoshe.

Nyumbani mke wangu aliniambia taratibu kwamba zile sehemu mbovu hazikuwahi kumchosha, maana alijua kinyozi yuko njiani. Raha yake ilikuwa kumngoja. Nilikaa kitandani nikalia kidogo. Ni kweli tupu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kaenda kwa mwenyekiti kuniombea. Nimepewa Jumamosi moja ya mwisho. Safari hii sikosei, maana somo limeniingia: raha ni kungoja. Nimeokota vipande vyote nilivyovikata na kuviunga. Saa moja na dakika ishirini na mbili za kungoja, na kinyozi haingii hata mara moja. Nani atathubutu kutoka?

Mke wangu sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.