Jiko la Kijani la Bi. Gathercole

Siku halmashauri ya mji wa Hagthorpe ilipobandika tangazo la moshi kwenye dirisha la duka la nyama, watu walilisoma wakanuna. Mmoja tu alilisoma akatabasamu, akalirudia tena huku akimalizia mkate wake wa chipsi na kujilamba siki vidoleni. Huyo alikuwa Lionel Pobjoy, na tabasamu lake likionekana mtaani, ni vizuri wenye mali wakaangalie mali zao.

Tangazo lilisema kuanzia Novemba mosi mji wote utakuwa eneo la kudhibiti moshi. Anayechoma kuni ahakikishe jiko lake limo kwenye orodha iliyoidhinishwa, la sivyo dohani yake ikifuka atalipa faini. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, iliongezwa kwamba mwenye jiko la zamani si lazima alitupe, anaweza kuliwashia makaa maalumu yasiyotoa moshi. Lionel alijua hakuna binadamu Hagthorpe anayesoma herufi za sisimizi. Yeye alizisoma kwa sababu ndizo zilizomlisha miaka yote.

Kesho yake akavaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa. Katika nchi hii mwizi mwenye barakoa huitiwa polisi, lakini mtu mwenye kizibao cha njano na ubao wa kubania karatasi hufunguliwa mlango, akawekewa na chai. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angewaambia watu kwamba majiko yao ni haramu, awaonee huruma, kisha ajitolee kuyaondoa bure "yakaharibiwe kwa usalama". Usalama huo ulikuwa Harrogate, kwa Bwana Quennell, muuza vitu vya kale, ambaye wateja wake matajiri walipenda kuweka majiko ya zamani sebuleni na kuyapandia maua.

Msimdhanie Lionel kuwa mtu wa tamaa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni karavani, nyumba ndogo ya magurudumu iliyoegeshwa Withernsea ufukweni, yenye kitanda na mapazia ya bluu. Tangu dada yake amfukuze kwa kosa dogo la kuuza mashine yake ya kukatia nyasi, Lionel alikuwa akilala ndani ya kigari chake cha mizigo, miguu ikigusa mlango wa nyuma. Mwenye karavani alimpa mpaka Ijumaa saa sita mchana awe ameleta pesa. Baada ya hapo kulikuwa na mteja mwingine.

Jumatano alipita Bobbin Row, safu ya nyumba tisa zilizoshikana mabega, akachungulia dirisha la nyumba ya mwisho. Moyo ukamruka. Ndani palikuwa na jiko la Kifaransa, la kijani kinachometa, na mlangoni amechongwa batamaji akinyoosha shingo. Akampigia Quennell palepale akimweleza.

"Lina batamaji?" Quennell akauliza, sauti ikitetemeka. "Lete. Bei utaitaja wewe."

Lionel akaiona karavani yake, pazia na vyote. Akabisha hodi.

Mwenye nyumba alikuwa Bi. Muriel Gathercole, mjane wa miaka sabini na minane, mfupi, mwenye sweta iliyofika magotini. Alimkaribisha, akamkalisha, akammiminia chai nyeusi tii kabla hata hajajitambulisha. Lionel akatoa kipimo chake cha unyevu, akachomeka sindano zake kwenye gogo lililokuwa kapuni.

"Mama," akasema kwa sauti ya mleta habari za msiba, "asilimia thelathini na tano. Hizi si kuni, hii ni supu. Zinatakiwa ziwe chini ya ishirini. Nani amekuuzia?"

"Nimepasua mwenyewe. Mti wa jirani ulianguka."

"Na jirani alikubali?"

"Alikuwa likizo."

Lionel hakulitilia maanani jibu hilo, na hapo ndipo alipoanza kupotea. Akapiga magoti mbele ya jiko, akatikisa kichwa, akafyonya.

"Halimo kwenye orodha, mama."

"Umeiangalia?"

"Orodha ile naiota. Hili likiendelea kufuka watakutoza faini mpaka uuze hilo sweta."

Bi. Gathercole akatoa leso. "Marehemu Cedric wangu alilinunua mwaka tuliooana. Jioni zote alikaa hapo, na mbwa wake, na kikohozi chake." Akafuta jicho moja, halafu, baada ya kufikiri kidogo, la pili.

"Pole sana. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nitakuondolea bure."

"Bure! Mungu akubariki, mwanangu. Lakini nikilitoa hili, ninunue lipi? Mwenzio sijui kitu." Akaenda kabatini akarudi na katalogi tatu nene. "Nimelipenda hili kubwa. Kilowati kumi na mbili."

Lionel alitamani kusema "zuri, chukua" aondoke zake. Lakini miaka ya nyuma aliwahi kufanya kazi ya halali miezi mitatu kwenye duka la majiko huko Leeds, kabla uhalali haujamkaba koo, na yale aliyojifunza yalikuwa bado yamekaa mdomoni. Uongo unahitaji kutungwa. Ukweli ulikuwa tayari, naye alikuwa na haraka.

"Kwa chumba hiki? Utaiva, mama. Utabana hewa ili lisikupike, na moto uliobanwa hewa ndio unaofuka. Kilowati tano zinakutosha."

"Basi hili. Limeandikwa 'rafiki wa hewa safi'."

"Kuandika ni kuandika tu. Hata mimi naweza kujiandika kwenye paji la uso kwamba ni askofu. Chukua jina lake kamili na namba yake, ukalitafute kwenye orodha ya serikali. Kama halimo, hata wakilichora malaika, achana nalo."

Bi. Gathercole aliyaandika yote kwa penseli. Akauliza kuhusu kioo kisichoshika masizi. Akauliza kuni zikaushwe miaka mingapi, na kama mfagia dohani aje mara moja au mbili kwa mwaka. Chai ikafika kikombe cha nne. Lionel alijibu huku jicho likiwa kwa batamaji, akijipongeza jinsi anavyompaka bibi wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Simu yake ikaita juu ya meza. Bi. Gathercole akaiinamia.

"Simu yako, mwanangu. Bila miwani sioni kitu. Nani huyo?"

Kwenye kioo palisomeka wazi: QUENNELL, VITU VYA KALE, HARROGATE.

"Tanuri," Lionel akasema, akiidaka. "Wale wanaoyeyusha vyuma."

"Aa. Kazi ya joto hiyo. Sasa sikia, leo linawaka, na bomba lake lazima lifunguliwe. Njoo Ijumaa saa tatu asubuhi. Na majirani zangu nao wana vyuma wanataka viondoke. Utawachukulia?"

"Majiko?"

"Vyuma, mwanangu. Vizito, vya zamani sana. Ila watataka karatasi. Si unawajua watu wa mtaa huu na karatasi."

Majiko tisa! Lionel akahisi karavani ikiota veranda. Akaandika kwa mkono wake nakala tisa, na ya kumi ya kwake: Mimi, L. Pobjoy, nimepokea vyuma vyote nilivyokabidhiwa na nyumba tisa za Bobbin Row. Sasa ni mali yangu na jukumu langu, na havirudishwi. Hilo la "havirudishwi" alilibuni mwenyewe, ili bibi yeyote asije akapata majuto. Akatia sahihi yenye mikia miwili.

Ijumaa saa tatu Bobbin Row yote ilikuwa nje. Kando ya barabara yalipangwa mafurushi tisa, yamefungwa mablanketi na kukazwa kamba, na kubwa kuliko yote lilikuwa na kikaratasi: Gathercole, jiko.

"Tumeyafunga yasikuchafulie gari kwa masizi," alisema Bwana Tordoff wa nyumba ya kwanza, mstaafu mwenye masharubu ya kijivu.

"Asanteni. Ngoja nichungulie kidogo tu..." Lionel akashika kamba.

Bwana Tordoff akatazama viatu vyake. Mama mmoja akageukia ua lake kama aliyeona mtu yuko uchi.

"Hutuamini, mwanangu?" Bi. Gathercole akauliza taratibu.

Watu wa huku wanaweza kuvumilia kuibiwa. Kufungua furushi la mtu mbele ya mwenyewe, kana kwamba neno lake halitoshi, hilo hawalivumilii. Na Lionel, pamoja na utapeli wake wote, alizaliwa na kulelewa huku. Masikio yakamwiva. Akaiachia kamba.

"Hapana, hapana! Samahani. Nilikuwa naangalia tu fundo. Fundo zuri sana."

"Cedric alinifundisha."

Wakapumua. Wakamsaidia kupakia, wakimpisha na kuombana radhi, mpaka kigari kikachuchumaa juu ya matairi. Furushi kubwa likalala pale alipokuwa akilaza godoro lake. Bi. Gathercole akampa kipande cha keki ya tangawizi ale njiani.

Harrogate alifika saa nne na nusu. Quennell, mwembamba mwenye tai ya kipepeo, alitoka akiwa na uso usioeleweka. Lionel akakata kamba kwa madaha, akavuta blanketi la kwanza, lile lenye kikaratasi cha jiko.

Lilikuwa beseni la kuogea la chuma, lenye kutu na tundu la kupitisha ngumi. La pili lilikuwa tumbo la mashine ya kufulia. Likafuata boila lililojaa saruji, kisha nusu ya geti.

"Jiko la batamaji liko wapi?" Lionel akaunguruma, akirarua mablanketi kwa meno.

"Lile pale," alisema Quennell, akionyesha dirishani. Jiko la kijani lilikuwa limekaa kwenye zulia jekundu. "Jana alikuja bibi mmoja kwa basi, ana picha yake. Sweta mpaka hapa. Nikawatuma wapagazi wakalichukue jioni. Lionel, nimefanya biashara hii miaka thelathini, sijawahi kukamuliwa vile. Nilitoka jasho mpaka tai ikalowa."

"Lakini alilia! Ni la marehemu mumewe!"

"Kwangu alisema ni likopo baya linalokula kuni na kumkohoza, na kwamba alilichukia tangu siku ya harusi. Mzigo wako sichukui. Na usiuache hapa, kuna kamera."

Akakimbilia kwenye jalala la halmashauri. Mlinzi wa geti akalitazama gari, akatazama beseni, akamwomba karatasi. Lionel, kwa haraka zake, akamkabidhi nakala yake mwenyewe.

"'Mali yangu na jukumu langu,'" mlinzi akasoma polepole. "Nyumba tisa. Basi wewe ni mfanyabiashara wa taka, bwana. Hapa ni kwa wakazi. Wafanyabiashara wana leseni, wanaweka miadi, wanakwenda lango la Skelby. Leseni inachukua wiki sita."

"Ndugu yangu, nina saa moja tu!"

"Na nyuma yako kuna foleni."

Saa sita na dakika mbili simu ikalia. Ilikuwa Withernsea, na ilikuwa fupi. Mteja mwingine alikwisha kuweka sufuria zake ndani. Lionel aliegesha kando ya barabara, akalia kwa uchungu wa kweli, kisha akala ile keki maana alikuwa na njaa. Ilikuwa tamu, na hilo likamwongezea hasira.

Akarudi Bobbin Row akiwa ameapa kumwaga vyuma vyote mlangoni kwa yule bibi. Alipofungua tu mlango wa nyuma wa gari, milango minane ya nyumba ikafunguka. Kila mlangoni alisimama mtu mpole ameshika karatasi yenye sahihi ya mikia miwili.

"Havirudishwi," alisema Bwana Tordoff, kwa masikitiko makubwa.

Dirisha la nyumba ya mwisho likainuka. Bi. Gathercole akatoa kichwa, nyuma yake fundi mwenye futi ya kupimia akiwa ameinama mahali jiko lilipokuwa.

"Mwanangu! Umekuja wakati mzuri. Nimelipata lile la kilowati tano, limo kwenye orodha, nimehakikisha namba. Sasa huyu anasema dohani yangu haihitaji bomba jipya ndani. Eti ni kupoteza pesa. Wewe wasemaje?"

Lionel akafungua kinywa atukane. Atasema nini lakini? Kwamba bibi amemwibia jiko ambalo yeye alikuja kumwibia? Majirani wanane walimtazama kwa upole. Akaitazama dohani, ikimkera jinsi ilivyopinda. Akamtazama fundi. Miezi mitatu ya Leeds ikamtoka yenyewe.

"Usimsikilize, mama! Matofali ya miaka mia hayo, yamejaa nyufa. Moshi utapoa njiani, masizi yagande, siku moja yashike moto. Aweke bomba la chuma cha pua kutoka kwenye jiko mpaka juu kabisa, na akupe cheti chenye jina lake. Bila cheti usimlipe!"

Fundi akawa mwekundu, akaanza kukunja futi yake. "Ni nani huyu?"

"Mtaalamu wangu," alisema Bi. Gathercole, akiandika kwa penseli. "Hanitozi hata senti." Akafunga dirisha, maana baridi ilikuwa inaingia.