Mizizi ya Ua la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaenda kumuuguza dada yake, wiki tatu. Kaniachia funguo na ua la dirishani. Lilitoka kwa marehemu mama yake. Hatuna kingine cha mama mkwe humu ndani, ukiacha lawama zake juu yangu. Masharti: maji kila Jumatano, mengine nisiguse.
Saa nne nilimrushia nzi kandambili. Nzi mzima. Ua limekatika shingo, kimebaki kisiki cha urefu wa kidole.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza jirani, nesi mstaafu. Nikadai namuulizia rafiki. Akasema huyo rafiki akate tawi chini ya pingili, alitie kwenye glasi ya maji, kisha akae nalo mbali. Mizizi itatoka kwa wiki mbili hivi. Akauliza kama rafiki ana mke. Sijui alisomea uuguzi au upelelezi.
Tawi limo kwenye glasi ya meno yangu. Meno yamehamia kikombeni. Chungu na kisiki chake nimevificha uani, nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelitoa tawi mara tisa kukagua mizizi. Hamna. Nimeongeza kidonge changu cha damu. Maji mekundu, tawi halina shukrani.

Jumapili, 16 Machi
Kimechomoza kitu cheupe kama unywele. Nikakivuta, nione kama kimeshika. Kilikuwa hakijashika.
Nesi akanikuta na miwani na glasi. Akasema, "Babu, mgonjwa ukimwamsha kila saa kumuuliza kama amelala, atalala lini?" Nikamwambia nimelea watoto sita mimi. Akasema aliyewalea anamjua.
Jioni mke wangu kapiga simu. Kabla ya salamu kauliza mama hajambo. Ndivyo anavyoliita hilo ua. Nikamwambia mama anapumzika. Akashukuru. Hilo la kushukuru sikulipenda.

Alhamisi, 20 Machi
Tawi limeoza. Linanuka soksi. Meno yamekataa kurudi kwenye glasi.

Jumapili, 23 Machi
Amerudi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu nzi. Sikufika mbali, alikwenda uani kunawa miguu, akarudi amekumbatia chungu, analia. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.
Kumbe kisiki kimetoa machipukizi matatu. Tangi linavuja, ndilo lililokinywesha. Nesi, ambaye huwa hakosekani, akasema mlangoni kwamba mama kapona kwa kuwa babu alisahau alipomficha.
Mke wangu kakirudisha chungu dirishani. Kaniapisha nisikiguse hata kwa kucha. Nimeapa.

Jumatatu, 24 Machi
Mke wangu yuko sokoni. Machipukizi yananawiri, yamesimama wima.
Nimevuta moja, kidogo tu, nione kama limeshika.